Nguzo Iliyong'olewa Msibani

Nguzo ilikuwa imeng'olewa. Pale lilipokuwa bomba la chuma lenye mstari mwekundu wa kuonyesha maji ya mafuriko yalipofika, Inspekta Enelesi Mwandira alikuta shimo tupu, na mkuu wa kijiji cha Nyamula, Mzee Galeta, akilizunguka huku akifoka.

"Kesho watu wa serikali wanakuja kusoma nguzo, afande! Kijiji chenye alama ya juu zaidi ndicho kinapewa fedha za tuta. Bila nguzo tumekwisha. Mto Shire utatuzoa wote."

"Ilionekana lini mara ya mwisho?"

"Juzi jioni. Jioni hiyo hiyo mama yangu mkubwa akafariki. Tangu hapo wote tuko msibani."

"Unamshuku nani?"

"Bado unauliza? Sauzande, mkuu wa ng'ambo ya kijito! Alama ya nguzo yake ndiyo inayofuata yetu."

Inspekta alipiga magoti. Shimo lilichimbuliwa kwa jembe, na kila pigo lilikuwa limeacha kijistari cha udongo mahali pale pale. Jembe lenye pengo. Alipiga picha, akapima. Hakumwamini Sauzande hata kabla ya kumwona, na Galeta naye hakumwamini. Kazi yake ilikuwa imemharibu hivyo.

Sauzande alikuwa msibani, anakula ugali na samaki mkavu, anawachekesha waombolezaji.

"Mimi mtani wa marehemu, afande. Nimekuja kuhakikisha kweli kafa."

"Na nguzo?"

"Nikaifanyie nini? Nimsongee nayo Galeta ugali?"

"Jembe lako liko wapi?"

Kicheko kilikatika.

"Jembe? Leo? Afande, tangu mama afariki nani kashika jembe? Hata wachimba kaburi hawajaanza. Ukilima maiti iko ndani, umewatukana wafiwa."

Inspekta alishukuru, akaondoka haraka. Alipita nyumba kwa nyumba, pande zote mbili za kijito, akikagua majembe, akitafuta lenye tope bichi. La Sauzande lilikuwa kavu, la Galeta kavu, udongo umepauka. Galeta alimfuata nyuma akinung'unika.

Nyuma ya matete, mahali ambapo njia huishia, palikuwa na vibanda vitano vya kitongoji cha Kumatete, vya watu waliohamia kutoka ng'ambo ya mpaka. Kwenye mlango wa kibanda cha mwisho liliegemea jembe lenye tope bichi. Ukingo wake ulikuwa na pengo. Inspekta alilipima. Vipimo vililingana.

"La nani hili?"

"Langu," alijibu mwanamke mwembamba aliyeitwa Fainesi.

"Umelima wapi?"

"Sijalima."

"Umechimba wapi?"

Fainesi aliwapeleka nyuma ya nyumba. Nguzo ilikuwa imesimama pale. Alikuwa ameifukia kidogo tu, mpaka mstari mwekundu ukalingana na doa la mafuriko ukutani, chini kidogo ya paa.

"Mwizi!" Galeta aliivamia nguzo. "Naing'oa sasa hivi!"

"Usiiguse, ni kielelezo," alisema Inspekta. "Kesho watu wa serikali wataona shimo lako, na wataona nguzo hapa ilipo. Fainesi, uko chini ya ulinzi. Kwa nini uliichukua?"

"Mpimaji aliyeweka nguzo hakufika huku. Mzee Galeta alimwambia hakuna njia, tuhesabiwe pamoja na Nyamula. Lakini tuta lao litaishia kijitoni. Maji yote yatasukumwa kwetu."

"Ungekuja kituoni."

"Nilikuja mara mbili. Wakaniambia mafuriko si kosa la jinai."

Inspekta aliona aibu, akaificha ndani ya daftari.

"Na msiba je? Kushika jembe siku kama hizi, hukuogopa?"

Fainesi hakumjibu yeye. Alimgeukia Galeta.

"Februari maji yalimchukua mwanangu Lusiya. Tulimpata kwenye matete, tukakaa naye siku mbili tukisubiri majirani waje. Vilio mlivisikia, mzee. Kwako na kwangu si mbali. Mwambie afande siku zile mlikuwa mnafanya nini."

Galeta aliangalia chini.

"Jibu, mzee," alisema Inspekta. "Naandika."

"Maji yalikuwa yameshapungua," alisema Galeta taratibu. "Udongo ulikuwa laini, afande. Tulikuwa tunalima."