Gauni Lisilo na Mgongo

Vikombe vilikuwa viwili.

Fundi alisimama jikoni, futi ya kupimia imemning'inia shingoni, akiviangalia. Ilikuwa saa tisa na nusu alasiri, jua linakaanga mabati. Nyumba ile ilikuwa na watu wawili tu, yeye na baba yake. Yeye hakuwa amekunywa chai. Baba yake hanywi vikombe viwili. Presha haimruhusu, na ubahili ndio haumruhusu kabisa. Lakini vikombe ndivyo hivyo, vimenywewa vyote, na chini ya kile cha pili, pale yanapobaki majani ya chai, palikuwa na udongo. Udongo mbichi, katikati ya kiangazi.

Akavisuuza. Akajiambia mzee kazeeka. Wote tunajiambia hivyo, mpaka jambo lije litukalie kifuani.

Mtaani walimwita Mshonea Wafu, na waache wamcheke, si wote watapanga foleni kwake? Kazi yake ilikuwa nguo za kuzikia. Na kama ulikuwa hujui, jua leo: gauni la maiti halina mgongo. Mbele utakuta kola, lesi, vifungo saba vya lulu ya uongo. Nyuma limeachwa wazi, kamba mbili tu za kufungia, kwa sababu maiti huvishwa amelala na hakuna mwenye nguvu za kumnyanyua mara kumi. Mbele harusi, nyuma njaa. Mafundi wote hushona hivyo, na mteja halalamiki, maana hawezi kurudi kudai.

Ni mama yake tu aliyelalamika, tena angali hai. Mwaka wake wa mwisho alikuwa akikaa kando ya cherehani kumsaidia kutia vifungo, huku akikohoa mara mbili mbili, kho-kho, kama mtu anayebisha hodi.

"Mwanangu, siku ya parapanda nitainuka, nisimame mbele ya Bwana. Sasa nikigeuka kuwatafuta wenzangu, mgongo wazi? Mbinguni kwenyewe? Sitaki aibu. Langu nishonee kamili."

Fundi alicheka mpaka akajidunga sindano. Lakini alishona. Uzi mweupe ulimwishia katikati ya mgongo, akamalizia kwa mwekundu, kwa mkono, kutoka mabegani hadi kiunoni. Siku ilipofika alimvisha mwenyewe, mlango umefungwa, akitokwa jasho na machozi kwa pamoja. Siri ile ilikuwa ya watu wawili, na mmoja kazikwa.

Hiyo ilikuwa wiki tatu kabla ya vikombe.

Baba yake alikuwa mwinjilisti. Miaka arobaini alisimama makaburini akiwaambia wafiwa kwamba mbingu ipo, na kwamba waliolala wataamka. Hata walevi wa mtaa walivua kofia akizungumza. Sasa Jumapili mbili mfululizo hakwenda kanisani, na jioni ile ya vikombe Fundi aliinua mto wa kiti chake akakuta vidonge vya presha vya wiki nzima, vimepangwa vizuri kama shanga.

"Baba, dawa hunywi?"

"Za nini?"

"Za presha. Kwani za kuotesha nywele?"

Mzee hakucheka. Alitazama pazia la chumba cha ndani, kisha akanong'ona kama mtoto aliyevunja sahani.

"Mama yako huja. Saa tisa, wewe ukiwa kwenye cherehani. Tunakunywa chai."

"Baba..."

"Anasema hakuna kitu huko, binti yangu. Hakuna mlango, hakuna nyimbo, hakuna Bwana. Ni udongo na giza, na kungoja kisichokuja. Anasema nimewadanganya watu miaka arobaini. Anaogopa peke yake. Ameniomba nimfuate. Nimemkubalia. Moyo wenyewe umeshachoka, ni siku mbili tatu tu bila dawa."

Fundi akafungua mdomo kumkaripia. Nyuma ya pazia, mle chumbani msimo na mtu, kitu kikakohoa. Kho-kho.

Kesho yake akamleta mchungaji, kijana ambaye viatu vyake viling'aa kuliko mahubiri yake. Akasimama sebuleni, akainua mkono, akaanza kuomba. Saa tisa ilipogonga, harufu ikaingia: poda ya mtoto, ile aliyojipaka marehemu, na chini yake harufu ya shimo lililochimbwa asubuhi. Kiti kitupu kikalia kama kilichokaliwa.

"Mchungaji," sauti ya mama yake ikasema, taratibu, kwa upole wa kisu. "Mwanao ulimzika mwaka jana. Ulilia mpaka ukashikwa mikono. Ulikuwa unalia nini, kama anaimba na malaika?"

"Nililia kwa sababu nilimkosa," kijana akajibu.

Kiti kikacheka. Kilikuwa kicheko cha mama, lakini kilirefuka kupita pumzi za mtu, kikaendelea tu, mpaka damu ikamtoka mchungaji puani ikadondokea kola yake nyeupe. Alitoka akijigonga kwenye mlango. Getini, hata hivyo, alimkamata Fundi mkono.

"Sikiliza, dada yangu. Waliolala katika Bwana hawarudi kunywa chai. Hilo ni jini. Limevaa kile ambacho kila mtu anakijua juu ya mama yako. Wewe unamjua zaidi ya hapo."

Usiku kucha Fundi aliisikia cherehani yake ikizunguka sebuleni bila nguo, na kila aliponyanyuka kwenda kumtazama mzee alimkuta amekaa kitandani, macho wazi, anatabasamu.

Siku ya tatu hakukaa kwenye cherehani. Alivuta kigoda akaketi mezani, kati ya baba yake na kile kiti, mfukoni ana rili ya uzi mwekundu. Mzee alimimina chai vikombe viwili, midomo imeshaanza kuwa ya bluu.

"Mwanangu usimfukuze," akaomba. "Nakuomba."

Harufu ilikuja kwanza, halafu baridi, halafu kikombe kikainuka chenyewe kutoka mezani, na nyuma ya kikombe kukawa na vidole, na nyuma ya vidole mkono, na lesi kwenye mkono, na kola, na vifungo saba alivyovitia kwa mikono yake mwenyewe, na juu ya kola uso ule aliouosha, aliouombea, aliouaga, sasa una punje za udongo kwenye kope na unamtazama kwa huruma nyingi mno, kiasi kwamba mdomo wake, bila ruhusa yake, ukasema, "Mama."

"Mwanangu. Na wewe njoo. Ulinishonea vizuri, lakini hakuna aliyeliona. Hakuna mtu huko."

Fundi akalia. Kisha, kupitia machozi, akaona kitu ambacho fundi mwingine yeyote angekiona: mgeni ameegemea kiti kwa nguvu, kabisa, kama aliyegundishwa.

"Mama, simama nilione gauni lako."

"Nimechoka."

"Basi geuka kidogo."

"Maiti hageuki," likasema, na sauti ikashuka kidogo, ikawa nzito.

"Mwache mama yako!" mzee akafoka.

"Baba, unampenda?"

"Swali gani hilo?"

"Basi mkumbatie. Mpitishie mkono mgongoni."

Mzee akainuka, akaegemea, akampitishia mkewe mkono nyuma ya mabega. Uso wa mzee ukabadilika. Mkono uliingia. Hakukuta kitambaa, wala ngozi, wala mfupa. Uliingia mpaka kwenye kiwiko, kama ndani ya mtungi, na vidole vyake vikagusa upande wa ndani wa vifungo.

"Hakuna nyuma," akanong'ona. "Binti yangu, hana nyuma."

Fundi akaipiga rili mezani. "Mama yangu nilimshonea mgongo! Huu hapa uzi wake! Alitaka asimame kamili mbele ya Bwana, na ndivyo alivyozikwa. Wewe umevaa gauni la wateja, mjinga wewe!"

Uso ule ukaacha kuwa wa mama. Haukugeuka wa mnyama wala wa shetani wa kwenye picha. Uliacha tu, kama taa inavyozimwa, na ndani ya kola kukabaki weusi unaopumua.

Hapo ndipo mzee alipokumbuka yeye ni nani. Akauchomoa mkono, umeganda baridi, akaunyoosha kama alivyounyoosha juu ya makaburi miaka arobaini, na ile sauti ikarudi.

"Mke wangu yuko kwa Bwana wake, na mimi nitakwenda nikiitwa, si nikidanganywa. Toka kwa jina la Yesu! Toka nyumbani mwangu!"

Vikombe vikapasuka. Pazia likavutwa nje kupitia dirisha, na kicheko kile kirefu kikapita juu ya mabati, kikapotea mtaani.

Mzee alikunywa dawa zake jioni ile. Jumapili alikwenda kanisani, akaimba akakosea kama zamani. Nyumba ikanuka sabuni tu. Ni rili ya uzi mwekundu peke yake ambayo haikuonekana.

"Imeviringika uvunguni," alisema mzee.

Mwezi ukapita. Asubuhi moja muuza maziwa alisimama kwenye mlango wa Fundi, mwanamke aliyempoteza mama yake mwaka juzi, tena Fundi ndiye aliyemshonea marehemu gauni la kuzikia, kama la wateja wote. Alikuwa amekonda, lakini macho yanang'aa kwa furaha.

"Fundi, nimekuja kushukuru. Wewe ni bingwa, watu hawajui tu."

"Nimefanya nini tena?"

Akasogea, akanong'ona.

"Mama amerudi. Tunakunywa naye chai kila siku. Nilikuwa na wasiwasi, si unajua maneno ya watu, eti anayerudi hana nyuma. Habari zenu zilisambaa. Basi nikamwambia geuka. Akageuka, Fundi, bila hata kubembelezwa!" Akacheka, akajifuta machozi. "Mgongo mzima, kamili. Umeshonwa kwa mkono. Kwa uzi mwekundu."