Tawi Juu ya Kona

Kila Jumamosi, jua likiwa halijachomoza ng'ambo ya Ziwa Tanganyika, Josée alitoa baiskeli ya nyumbani, akaisukuma kupita maduka ya mtaa wao wa Kasenga ambayo bado yamefungwa, akaanza kupanda mlima. Alikuwa msichana wa miaka kumi na mitatu, mwembamba, mwenye hatua ndefu. Njia yake ilikuwa barabara ya zamani ya changarawe. Tangu mafuriko yalipobomoa daraja la chini, gari halikupita tena huko. Walibaki waenda kwa miguu na watu wa baiskeli, ambao walipanda wakisukuma na kushuka wakiwa wameshikilia breki kwa nguvu zote, ndizi au mkaa au maharage vikiwalemea nyuma ya baiskeli.

Hapo awali kazi hiyo ilikuwa ya mama yake, Agnès. Lakini malaria ilikuwa imemwangusha, na ingawa homa ilishuka, nguvu hazikurudi upesi. Maharage ya shamba la mlimani hayakumngoja apone. Basi wiki nzima Josée alichota maji, akapika, akaenda shule, na Jumamosi akapanda. Alikuwa amechoka uchovu ambao usingizi wa usiku mmoja hauumalizi.

Barabara hiyo haikuwa na askari wala kibao, ila ilikuwa na sheria moja iliyojulikana na wote. Mvua ikikata njia, wa kwanza kuona hukata tawi bichi na kulisimika upande wa juu, mbali na shimo, ili anayeshuka na mzigo apate nafasi ya kusimama. Baiskeli iliyobeba mzigo haisimami ghafla. Hubishana kwanza na mwenye kuiendesha. Tawi hilo haling'olewi na mtu yeyote isipokuwa aliyeziba shimo.

Jumamosi hii Josée alipanda kwa njia ya mkato ya mashambani, kisha akashuka barabarani na gunia lake la maharage. Alipopita kona kali chini ya mikaratusi, alikuta mvua ya usiku imechimba mfereji mpana, umekula zaidi ya nusu ya barabara. Alikuwa akienda polepole kwa sababu mikono ilimuuma, na hilo ndilo lililomwokoa. Alishuka, akaivusha baiskeli ukingoni kwa shida, kisha akatazama nyuma. Mahali pa kusimika tawi palikuwa juu ya kona. Ili afike huko ilimpasa aiegemeze baiskeli kwenye tope, na ikianguka, hangeweza kuinyanyua peke yake na gunia lile. Alisimama kidogo. Mwishowe akakata kitawi, akakichomeka pale pale kwenye mdomo wa mfereji, akaenda zake.

Nyumbani mama alikuwa ameketi mlangoni, kitenge mabegani ingawa jua lilikuwa kali. Alimsaidia kushusha gunia, akampa ugali na dagaa, akamuuliza hali ya njia. Josée akamweleza habari za mfereji, na kwamba ameweka tawi.

"Umeliweka wapi?" mama akauliza.

"Juu ya kona, mama."

Neno hilo lilitoka jepesi, kama maji yanavyomwagika. Mama akaitikia kwa kichwa. Akasema ni vizuri, kwa kuwa Basile, mdogo wa mama, alilala mlimani tangu jana na mchana huu angeshuka na mikungu ya ndizi.

Josée alijilaza mkekani. Kwa siku nyingi alikuwa akiutamani mkeka huo, lakini sasa usingizi ulikataa kuja. Aliifikiria baiskeli ya mjomba Basile, ambayo breki yake ya nyuma ilikuwa kipande cha tairi kuukuu anachokikanyaga kwa kisigino. Mjomba mwenyewe alizoea kusema kwa mzaha kwamba baiskeli yake husimama inapotaka yenyewe. Josée aligeukia ukuta. Akageukia mlango. Kisha akainuka.

"Mama, nimekudanganya. Tawi nililiweka kwenye shimo lenyewe. Nilikuwa nimechoka kurudi juu."

Mama hakupaza sauti. Alimtazama kwa macho yaliyochoka kuliko ya mtoto, akaingiza miguu kwenye kandambili.

"Chukua panga," akasema. "Twende."

Wakapanda pamoja. Walipofika pale daraja lilipovunjika, mama aliketi juu ya jiwe, jasho likimtiririka, akamwambia aendelee asimngoje. Josée aliendelea. Mapaja yalikuwa mazito kama kuni mbichi. Njiani alikutana na mama Apolline, muuza mboga wa mtaa wao, akishuka kwa miguu na kikapu kichwani. Josée alimuuliza kama hakuna mtu aliyeweka tawi lingine kule juu.

"Lingine la nini?" mama Apolline akajibu. "Tumeliona lile la pale shimoni, tukajua kazi iko imefanywa."

Hapo Josée alielewa jambo lililomuumiza zaidi. Kitawi chake hakikuwa bure tu, kilikuwa kimewalaghai na wengine. Kama asingeweka kitu, huenda mmoja wao angeweka tawi mahali panapofaa.

Alianza kukimbia, kama kule kunaweza kuitwa kukimbia. Alivuka mfereji, akaikata kona, akafyeka tawi la mkaratusi refu kumshinda yeye. Alikuwa bado akilisimika kwenye changarawe aliposikia kengele ya baiskeli huko juu na mlio wa tairi likisuguliwa kwa kisigino. Mjomba Basile alitokea kati ya miti, mikungu ya ndizi ikimfunika hadi mabegani. Aliliona tawi. Akakanyaga, akaburuza mguu wa pili, tope na vijiwe vikaruka, na baiskeli ikasimama umbali mfupi kutoka kwa Josée, mkungu mmoja ukiporomoka.

Mjomba alihema kwanza. Kisha akatembea hadi kwenye kona, akauchungulia mfereji, akakiona kitawi kidogo pale ukingoni. Akarudi.

"Lile dogo ni la nani?"

"Langu, mjomba. Na hili pia."

"Basi weye umepanda msitu leo," akasema, akainama kuokota ule mkungu.

Hawakuondoka. Waliokota mawe, wakayapanga mferejini, wakashindilia udongo kwa miguu, hata baiskeli yenye mzigo ikaweza kupita. Ndipo Josée akayang'oa matawi yote mawili, akayatupa bondeni. Mama walimkuta pale pale kwenye jiwe. Mjomba alimweleza yote, hakuficha la kitawi wala la msitu.

Mama alilitazama ziwa lililokuwa limelala chini yao.

"Kuchoka si kosa, mwanangu," akasema. "Mimi mwenyewe nimechoka, mjomba wako amechoka, kila anayepita barabara hii amechoka. Ungeniambia ukweli ulipofika, ningemwomba jirani apande, nawe ungelala. Uliponijibu kwamba tawi liko juu ya kona, ulinifunga macho, nikakaa mlangoni nikiwa na amani ya uongo huku ndugu yangu akiteremkia shimoni. Kazi uliyoifanya nusu, sema ni nusu. Mwingine ataimalizia."

Josée aliitikia kwa sauti ndogo. Mjomba Basile akaanza kuisukuma baiskeli, mama akamwegemea binti yake begani, wakashuka hivyo hivyo, taratibu, hadi Kasenga.

Jioni jirani alipita mlangoni akauliza kama maharage yote yameshachambuliwa, kwa kuwa angeyapeleka sokoni alfajiri. Josée alikuwa amekwisha kujinyoosha mkekani, miguu ikiwa bado na udongo.

"Nimechambua nusu tu," akasema. "Nusu nyingine bado."

Mama akauvuta ungo karibu naye, akaendelea pale mtoto alipoishia.