Dozi ya Mwisho ya Mzee Kivike

Mashushushu milioni tatu waliingia kwenye mshipa wa Mzee Kivike asubuhi ile, naye akaulizia chai. Ndivyo vijimashine hivyo vilivyobatizwa pale Songea: vidogo kuliko chembe ya damu, vinapenya ukuta unaolinda ubongo na kuvisaka virusi vya Ukimwi humo.

Kwa miaka arobaini dawa zilikuwa zimeisafisha damu yake, lakini VVU ni mpangaji sugu. Vingine vilijibanza kwenye seli zinazoulinda ubongo, vikachochea moto wa chinichini. Neva nazo hazikupona. Nyayo zikamwaka kama aliyekanyaga makaa, majina ya wajukuu yakaanza kumponyoka.

Desderia Mapunda, injinia wa mashushushu, ni Mngoni. Mzee ni Mhehe. Watani wa jadi, basi tena, kutukanana ni haki yao! Siku ya kwanza binti alitangaza kwamba mbwa wote wa hospitali wamefungiwa kwa usalama wao, maana Wahehe husemwa hawamwachi mbwa apite bila kuonja supu yake. Mzee akajibu kuwa hatibiwi na mtu ambaye babu zake walisifika kwa mbio, tena za kurudi nyuma. Wodi nzima ikacheka.

Siku ya sita nyayo zilikuwa zimepoa. Mzee alitaja tarehe, akahesabu kinyumenyume, akawapanga wajukuu wote. Skrini ikaandika: kumbukumbu, mia kwa mia, toa dozi ya mwisho. Kwa furaha Desderia akamuuliza kama supu ya jana ilikuwa ya mbuzi kweli, maana mbwa wa getini haonekani.

"Pole sana, daktari," mzee alisema kwa adabu. "Sikujua mmepotelewa."

Hapo Desderia akang'amua: utani ulikuwa umemtoka mzee. Mashushushu walipoziondoa seli zilizoficha virusi, waling'oa na nyuzi ambazo seli hizo zilizitunza, nyuzi ambazo hakuna mtihani uliowahi kuziulizia. Mkuu wake akamwambia kwa simu kwamba utani si kipimo, na virusi vikibaki, moto utarudi. Hapo hakukosea.

Akamweleza mzee yote bila kupamba. Mzee akafikiri, akasema moto wa nyayo ameshauzoea. Hicho kilichopotea hakijui, ila anaona kinamliza mtu. Mashine ya dozi izimwe.

Desderia akaizima, akavuta stuli.

"Haya babu, sema: Mngoni, kichwa kama kinu."

"Siwezi, mwanangu. Umenitendea wema."

"Ndiyo maana unanidai tusi." Akamshika mkono. "Polepole. Tuanze na kichwa changu, ukoo tutaufikia kesho."