Maharage ya Bibi Opal

Kila Jumamosi asubuhi, vyombo vikishaoshwa, mama yake Della alikuwa na desturi ya kufungua kabati la jikoni, kisha friza, akaangalia kilichopo. Baada ya hapo aliketi mezani akachukua bahasha kuukuu, na kwenye upande wake mtupu akaandika chakula cha jioni cha wiki nzima. Mshahara wake haukuwa mkubwa, lakini hakuna aliyewahi kulala njaa katika nyumba ile ndogo ya mbao, kwenye milima ya Kentucky, Marekani.

Jumamosi moja ya mwezi wa tatu, Mama alimsukumia Della bahasha na kalamu. Katika nyumba ya kutunzia wazee alikokuwa akifanya kazi, walikuwa wamempangia zamu za jioni wiki nzima.

"Wiki hii mpishi ni wewe," alisema. "Una miaka kumi na miwili. Mimi nilipokuwa na umri wako..."

"...nilikuwa nikiwapikia ndugu zangu watano," Della alimalizia. Hadithi hiyo aliijua kwa moyo.

"Uliwalisha mkate ulioungua," Bibi Opal alidakia kutoka kwenye kiti chake karibu na jiko. "Nilikuwepo. Mimi ndiye niliyekuzaa."

Wote wakacheka. Della akaandika kwa mwandiko wake bora: Jumatatu supu ya viazi na karoti, Jumanne kabichi na mayai, Jumatano kuku wa kuoka, Alhamisi maharage na mkate wa mahindi, Ijumaa supu ya mifupa ya yule kuku. Mama aliisoma, akambusu kwenye paji la uso. Della akajiona mkubwa kama mlima.

Dukani aliingia na mdogo wake, Wyatt, mwenye miaka sita. Mama alibaki garini akipumzisha macho. Wyatt alipofika kwenye rafu ya biskuti za chokoleti, miguu yake ikagoma.

"Dada, pakiti moja tu. Moja! Nitakuwa mtumwa wako mpaka Krismasi."

Della alizitaka biskuti zile kuliko hata Wyatt. Pesa aliyopewa haikutosha vyote. Aliangalia kikapu, akatoa mfuko wa maharage na kuurudisha kwenye rafu. Alhamisi ilikuwa mbali, kitu kingepatikana tu. Biskuti walizila chumbani siku hiyohiyo, na baada ya saa moja Wyatt alikuwa akiuliza chakula kitaiva saa ngapi.

Siku zikaenda vizuri. Bibi alisifu supu, akasifu kabichi, na habari za yule kuku akamsimulia shemasi wa kanisa kwa simu. Kila sifa ilimfanya Della azidi kuona haya kusema kwamba Alhamisi haikuwa na kitu. Alhamisi ikafika. Kabatini alikuta unga wa mahindi, kitunguu kimoja na chumvi.

Akafungua friza. Chini kabisa, nyuma ya mifuko ya matunda ya porini ya mwaka jana, mkono wake ukagusa chupa yenye mdomo mpana. Ilikuwa imejaa maharage makavu, meupe, yenye madoa mekundu.

"Wazee bwana!" alijisemea. "Nani anaweka maharage makavu kwenye friza?"

Aliyachemsha, akayaacha ndani ya maji ya moto saa nzima, akayamwagia maji mengine na kuyapika taratibu na kitunguu. Mkate wa mahindi aliuoka kwenye kikaango cha chuma. Nyumba nzima ikanukia. Alipoosha ile chupa na kuificha kabatini, alikuwa akiimba.

Mezani Bibi Opal alichota kijiko cha kwanza. Akatafuna, akasita, akatafuna tena.

"Matamu haya. Umeyapata wapi?"

"Dukani." Neno lilimtoka Della kabla hajalifikiria.

"Lile duka limeendelea sana siku hizi," Bibi alisema, akaendelea kula. Akaomba bakuli la pili. Alipomaliza, alijifuta mdomo taratibu.

"Maharage haya yamenikumbusha mama yangu. Siku aliyoolewa alikuja katika bonde hili na mbegu zake ndani ya mfuko wa aproni. Alizipanda kila mwaka, nami nikazipanda baada yake. Kila msimu nabakiza chupa moja kwenye friza ili wadudu wasizitoboe. Mwezi wa tano nazipanda tena."

"Chupa moja tu?" Della aliuliza. Sauti ilikuwa nyembamba.

"Moja tu, mjukuu wangu. Watoto wa bonde hili zamani hata hawakuhitaji kuambiwa kwamba mbegu hailiwi."

Della aliuweka mkate chini. Alitazama bakuli lake. Mbegu za mama yake Bibi, zilizopandwa kwa zaidi ya miaka themanini, zilikuwa zimebaki maganda matatu na mchuzi. Wyatt alikuwa akilamba bakuli, hana habari. Della angeweza kunyamaza. Alitamani sana kunyamaza. Badala yake aliinuka, akaenda kabatini na kurudi na ile chupa tupu.

"Ni mimi, Bibi. Sikununua maharage, nilinunua biskuti. Halafu nikaona haya kusema. Halafu nikadanganya." Machozi yakamwagika. "Nimezipika zote."

Bibi Opal aliipokea chupa, akaishika kwa mikono miwili.

"Nilijua tangu kijiko cha kwanza," alisema. "Ladha ile siwezi kuisahau."

"Sasa mbona umekula mabakuli mawili?"

"Ulitaka niyarudishe kwenye chupa yakiwa yameiva?" Akatabasamu, lakini macho yake yalikuwa na maji. "Sitakuficha, mjukuu wangu. Imeniuma sana. Ila ningeumia zaidi kama ungeendelea kuniambia ni ya dukani. Njoo hapa."

Akamkumbatia mpaka kilio kikaisha.

Asubuhi ya Jumamosi Bibi alimwambia avae viatu. Walivuka kijito mpaka kwa Mzee Hobart, jirani yao mwenye ndevu nyeupe na ulimi mkali.

"Huku kwetu mbegu nzuri hukai nayo peke yako," Bibi alimweleza njiani. "Unampa na jirani, maana panya wakila zako, huenda hawakula zake. Mwaka Hobart alipooa nilimpa konzi moja ya mbegu hizi. Kama bado anazo sijui. Utamwomba mwenyewe."

Della alisogea mbele mlango ulipofunguliwa. Alieleza yote bila kujikinga, hata biskuti.

"Maharage ya Opal?" Mzee Hobart alikunja uso. "Opal huyuhuyu aliyesema mbele ya kanisa zima kwamba nyanya zangu zina ladha ya maji?"

"Zilikuwa nayo," Bibi alisema.

"Wewe, binti. Uliyapikaje?"

"Na kitunguu. Pamoja na mkate wa mahindi."

"Uliutia sukari?"

"Hapana, mzee!"

"Basi huyu ni wetu. Mkate wa milimani hautiwi sukari." Aliingia ndani, akarudi na chupa iliyojaa maharage meupe yenye madoa mekundu, akamimina nusu yake kwenye mfuko wa karatasi. "Nimeyapanda miaka arobaini na sita. Mwezi wa tano uje unisimikie miti ya maharage kutambalia, mgongo wangu umechoka."

Della aliahidi.

Waliporudi, Mama alikuwa ameamka. Della alimsimulia mwenyewe. Mama alisikiliza hadi mwisho, kisha akamvuta karibu.

"Wiki yako uliipanga vizuri, mwanangu. Ulikosea pale ulipovunja mpango ukanyamaza. Pesa ikiwa kidogo, kila mtu nyumbani anatakiwa kujua kilichopo na kilichopungua. Ungesema, Alhamisi tungekula mkate wa mahindi na maziwa, na tungeshiba. Kukosa maharage si aibu. Usituache tu tukidhani yapo."

"Nimeelewa, Mama."

Bibi Opal alikuwa amemimina mbegu mezani, akazigawa mafungu mawili. Moja alilitia kwenye chupa yake. La pili alilitia kwenye chupa nyingine, akamsukumia Della.

"Hizi ni zako. Utazipanda, na utazitunza."

"Mimi? Baada ya yote niliyofanya?"

"Sasa nimpe nani?" Bibi alisema. "Katika nyumba hii, wewe ndiye uliyelia kwa kuzikosa."