Jiwe la Kusagia la Mama Mkwe

Jua lilikuwa linazama, nikatoka na ndoo kumwagilia bustani yangu hapa Kahama. Niliringa nayo. Njia ya mawe bapa, kokoto nyeupe pembeni, na katikati jiwe kubwa la kusagia lililobonyea kwa kazi ya miaka mingi. Nililijaza maji, ndege wakawa wanakuja kunywa. Wageni walilipiga picha.

Niliwaambia nimepewa zawadi na mama mkwe, Nyamizi wa Ushirombo. Hata mume wangu Masalu aliamini.

Uongo. Nililichukua nyuma ya jiko lake siku aliyokwenda misa. Nikasaidiana na dereva kulipakia, nikalifunika magunia.

Jioni ile nilisikia kabla sijaona.

Krrr... krrr... krrr...

Kisha harufu. Unga wa mtama, uliosagwa sasa hivi.

Katikati ya bustani alikuwa amepiga magoti kikongwe, amenipa mgongo, anasaga. Nilidhani ni ombaomba aliyepenya getini. Naona aibu kulisema, ila nitalisema: sikumwamkia. Nilimfokea.

"We bibi! Toka! Unanichafulia mawe yangu!"

Hakugeuka. Nikaokota kokoto, nikamrushia.

Ilimpata mgongoni. Sikuisikia ikianguka chini.

Kusaga kukakoma.

"Mke wa nani wewe?" alinong'ona, bila kugeuka.

Ndoo ilinidondoka. Nilifumba macho, kidogo tu... Nilipofumbua, hakuwepo. Maji ya ndege yalikuwa yamekauka. Kwenye jiwe kulikuwa na unga. Nikaugusa.

Ulikuwa na joto.

Alfajiri nilimweleza Masalu yote, pamoja na wizi. Hakunigombeza. Aliniangalia kama anayemwangalia mtu baki, akaenda kuwasha gari. Tukalipakia jiwe, tukaelekea Ushirombo.

Mama mkwe tulimkuta anaanika karanga. Nikapiga magoti.

"Shikamoo, Mama. Nimekuletea jiwe lako. Nililiiba. Nisamehe."

"Marahaba. Nilijua ni wewe, Coletha. Nilikuwa nangoja useme."

Laiti angenipiga. Uso uliniwaka mbele ya mume wangu. Nikamsimulia ya jioni ile, nikiamini kikongwe yule alikuwa yeye, nikamsihi asije tena kusaga kwetu.

Akainua mikono yake. Vidole vilikuwa vimejikunja kwa ugonjwa wa viungo.

"Mimi? Hata kikombe nakishika kwa shida. Jiwe hili nilikabidhiwa na mama mkwe wangu. Naye alikabidhiwa na wa kwake. Wako wengi, mwanangu. Sijui ni yupi aliyekuja."

Akaniangalia.

"Ulimwamkia?"

Nikainamisha kichwa.

"Coletha. Ulimwamkia?"

"Nilimpiga jiwe, Mama."

Masalu alitugeuzia mgongo, akarudi kwenye gari. Mama mkwe alirudi kwenye karanga zake, akazigeuza, kisha akasema, "Mimi nimekusamehe langu. Hilo lingine halimo mikononi mwangu."

Jiwe limebaki Ushirombo. Kokoto zote nimezizoa, bustani sasa ni udongo mtupu, na majirani wanauliza kulikoni. Lakini jua likizama, sauti ile huanza. Masalu naye huisikia. Huongeza sauti ya redio.

Mimi hutoka nje, nikapiga magoti.

"Shikamoo, bibi."

Hajaitikia hata mara moja. Ila kusaga husimama kidogo, kama mtu anayesikiliza...

Kisha kunaendelea.