Laptop ya Kishua Aliyoniwekea Mchumba Wangu

Laptop niliyoitoa kwenye begi haikuwa yangu...

Nilikuwa nimesimama mbele ya wateja, projekta imeshawaka, na mkononi nimeshika kitu cha rangi ya fedha, chembamba, kinang'aa.

Yangu ni nyeusi. Nene. Ina kidude chekundu katikati ya herufi.

Nikamwangalia Joshua. Mchumba wangu, na ndiye mkuu wa mauzo ofisini kwetu hapa Dodoma.

"Nimekubadilishia," akaninong'oneza. "Kila kitu kimo humo. Ile yako inatutia aibu."



Sasa wadau, kabla hamjaandika kwenye comment kwamba huyu dada kaletewa kitu kizuri analalamika, nisikilizeni.

Naitwa Evodia. Nikiwa mdogo kule Mvumi niliungua mikono yote miwili kwa uji wa moto. Nafanya kazi zangu zote, ila ngozi ya ncha za vidole ilibaki ngumu. Vile vibao vya kioo vya kutelezeshea vidole kwenye laptop mpya havinitambui kabisa. Natelezesha weee, mshale umelala.

Kidude chekundu hakijali ngozi. Unakisukuma kwa kidole, mshale unakwenda.

Joshua alilijua hilo tangu tuko chuo.

Siku hiyo tulikuwa tunaomba kazi kwenye kituo kimoja cha mafunzo kule Chamwino, cha watu wazima wenye ulemavu. Walitaka laptop na mtu wa kuwafundisha. Mimi nilipendekeza zile nyeusi za kiofisi. Joshua alitaka za kishua.

"Mteja akiona kitu kinang'aa anajua kampuni ni ya maana," alikuwa akiniambia. "Hizo zako zinafanana na za ofisi ya kata."

Tulibishana mpaka bosi wetu akaamua pendekezo langu ndilo liende. Nikadhani yameisha...

Basi pale mbele ya wateja nikaweka kidole kwenye kioo. Mshale haukusogea.

Nikajaribu kingine. Wapi.

Hapo Joshua akasimama, sura ya huruma.

"Samahanini sana. Mwenzetu ana shida kidogo ya mikono. Erica ataendelea."

Erica ni mgeni ofisini, binti wa mauzo. Akaja mbele, akafungua faili. Halikuwa langu. Zilikuwa picha za laptop za kishua, zimepangwa vizuri, na maneno ameshayakariri.

Ndipo nikaelewa. Hii ilipangwa.

"Kaa chini, Evo," Joshua akasema kwa sauti ya chini.

"Sikai."

"Usitutie aibu mbele za watu."

"Aibu ya nani? Mikono ni yangu. Aliyenibadilishia laptop ni wewe."

Nikabaki nimesimama palepale. Erica akaendelea.

"Kama mnavyoona hapa, bodi ni ya chuma. Na kama mnavyoona, kibao ni kikubwa, cha kioo..."

Mama mmoja mwenye miwani myeusi, aliyekaa kichwani mwa meza, akainua mkono. Alikuwa Bi Zipora, mkuu wa kituo. Tulikuwa hatujawahi kukutana naye, tuliongea kwa simu tu, na tulipoingia tulimkuta ameshakaa.

"Binti, unasema kama mnavyoona," akasema taratibu. "Mimi sioni. Tangu nizaliwe. Nimesoma Buigiri, shule ya wasioona. Niletee hiyo mashine niishike."

Erica akampelekea.

Bi Zipora akapapasa herufi, akaanza kuandika. Anaandika haraka kuliko mimi. Lakini viganja vyake vilikuwa vinaangukia kwenye kile kioo kikubwa, mshale unaruka.

"Imeandika nini, Abeli?" akamuuliza msaidizi wake.

"Imevurugika, mama. Maneno mengine yameruka juu, mengine yako chini."

"Mama, hiyo ndiyo ya daraja la juu," Joshua akadakia. "Wakubwa wote wanatumia hizo."

"Wakubwa gani?"

Bi Zipora akaisukuma mashine pembeni.

"Yule aliyesema hakai yuko wapi?"

"Niko hapa, mama. Shikamoo."

"Marahaba. Ulikuja kusema nini?"

Nikasema. Bila projekta, bila picha. Nikamweleza kuhusu vidole vyangu. Nikamwambia laptop nilizopendekeza herufi zake zimebonyea kidogo katikati, kidole kinajua kiko wapi. Kibao chake ni kidogo na kinazimika. Na aliyepungukiwa vidole, kimoja tu kinamtosha kusukuma mshale.

Bi Zipora alikuwa anaitikia kwa kichwa. Nilipomaliza akasema, "Kazi tunawapa. Ila mafunzo aje huyu Evodia, na mipango yote niongee naye yeye."

Nje, Joshua akanikumbatia.

"Umeona, mpenzi? Tumeshinda. Bila ile presha usingeongea vile."

Nikautoa mkono wake begani.

"Laptop yangu iko wapi?"

"Nilimpa Hamidu, yule fundi wa Majengo. Tulibadilishana kwa hii."

Nikavua pete, nikamwekea juu ya ile laptop yake. Nikaenda Majengo mwenyewe, nikamweleza Hamidu, akanirudishia yangu siku hiyohiyo, akasema ya kwake atamdai Joshua.

Wiki ile baba mdogo wa Joshua akaja nyumbani.

"Shikamoo baba."

"Marahaba mwanangu. Sasa mtu anavunja uchumba kwa sababu ya kompyuta?"

"Hapana baba. Alijua vidole vyangu haviwezi kile kioo. Akaniwekea, akasubiri nikwame, kisha akasimama kunionea huruma mbele za watu. Siolewi na mtu wa hivyo."

Mzee alikunywa chai yake mpaka ikaisha, akainuka, akaniambia, "Nimekuja kumtetea. Naona nirudi nikamseme."

Ndugu zangu, nunua kinachokufaa hata wakikucheka. Na mtu anayekupangia kuanguka ili yeye aonekane, hata kama amekuvisha pete, mwache. Usimwombe msamaha kwa kusimama.

Mimi sijaomba, na siombi.