Mshindi Hubaki Mezani

Kyu yangu, fimbo ya kuchezea pool, ilipinda msimu wa mvua, kwa kuachwa imeegemea ukuta wenye unyevu. Kwa mchezaji wa kujifurahisha hilo si neno. Lakini mimi nilikuwa naichezea Karatu dhidi ya timu ya Mto wa Mbu Jumamosi ile, mbuzi kwa washindi, na upande wetu wa wanawake ulikuwa unanitegemea mimi, Katarina. Kwa hiyo nilipotoka lojini, ninakofua mashuka, nilipitia dukani kwa Mzee Twaha jua likianza kushuka.

Mzee Twaha alikuwa akiuza vifaa vya michezo karibu na soko. Hakuwa msemaji, ila kyu alizijua. Aliniuliza kama napiga kwa nguvu au kwa kulenga. Nikamjibu kwa kulenga. Akaziweka kando zile nzito. Hizo, alisema, ni za watu wanaopenda kufungua mchezo kwa kishindo. Akanifundisha kuiviringisha kyu juu ya kioo cha kabati, kwamba ikirukaruka ujue imepinda. Akanigusisha ngozi ya kwenye ncha, isiwe laini kama sponji wala ngumu kama kwato. Iliyonifaa hasa ilikuwa ya vipande viwili, inayoungwa kwa skrubu. Nilipoambiwa bei, niliirudisha taratibu mahali pake.

Mzee akanitazama kwa muda. Kisha akasema iko nyumba moja juu kabisa, njia ya Tloma, ukishapita mashamba ya kahawa, karibu na msitu. Kuna mama anaitwa Cresensia, anauza kyu nzuri kwa bei ya kutupa. Niende sasa hivi, giza lisinikute.

"Akikuambia ujaribu, jaribu," alisema, sauti yake ikiwa chini sana. "Cheza kama unavyocheza siku zote."

Bodaboda aliniacha kahawa inapoishia. Alisema njia ni mbovu, hapandi zaidi. Nikatembea. Ukungu ulikuwa unashuka kutoka msituni, wa baridi, ukiingia mpaka kwenye mikono ya sweta. Hakuna mbwa aliyebweka. Harufu ya udongo uliotoka kuchimbwa ilinifuata njia nzima, ingawa sikuona shamba lililolimwa.

Kisha nikasikia.

Tak... tak...

Mipira inagongana.

Mlango ulikuwa wazi. Ndani mlikuwa na meza ya pool, kitambaa chake cha kijani hakina hata doa, na bibi mmoja mwembamba aliyejifunga kitenge, amesimama peke yake. Kyu zilikuwa zimeegemezwa ukutani, nyingi, kila moja ya urefu wake. Nilimwamkia. Aliitikia marahaba kwa mnong'ono, kama mtu ambaye sauti yake imekaa muda mrefu bila kazi. Nilipomwambia nimeelekezwa na Mzee Twaha, alifumba macho.

"Chagua, mwanangu," alisema.

Ya kwanza ilikuwa nzito. Ya pili ilirukaruka nilipoiviringisha mezani. Ya tatu... ya tatu ilikaa mkononi kama niliyozaliwa nayo. Tena ilikuwa na joto pale pa kushikia. Kama mtu alikuwa ameiachia wakati ule ule.

Bibi akaniomba tucheze mchezo mmoja, niijaribu. Nikakubali. Alikwisha kuipanga mipira.

Nikafungua mchezo. Sijawahi kupiga vile maishani mwangu. Mipira yangu iliingia mmoja baada ya mwingine, mingine kwa pembe ambazo hata mimi nisingethubutu kuzijaribu. Zamu zake, bibi alikosa. Alikosa mipira iliyokuwa mdomoni mwa shimo, ambayo hata mtoto angeiingiza. Mwanzoni nilidhani ni uzee. Halafu nikautazama mkono wake ulivyotulia juu ya kitambaa, vidole vimejipanga sawasawa, na nikajua yule alikuwa mchezaji kunizidi.

Alikuwa anakosa kwa makusudi.

Nikageuza macho dirishani. Mwanga wa jioni ulikuwa ule ule niliokuja nao. Haukuwa umepungua hata kidogo. Tulikuwa tumecheza kitambo, ilipaswa kuwa giza.

Kwangu ulibaki mpira mweusi tu. Ulikuwa mbele ya shimo, pigo jepesi. Ukiingia, nimeshinda.

"Pigo moja tu," bibi alinong'ona. Machozi yalikuwa yanamtiririka. "Piga, mwanangu. Nikapumzike."

Nikamuuliza ameishi pale tangu lini.

"Sikuja kuishi. Nilikuja kununua kyu, nikiwa na umri kama wako. Twaha alikuwa amesimama hapa niliposimama mimi. Tukacheza." Akalipangusa shavu lake. "Nikamshinda."

Kule kwetu kwenye baa sheria ni moja. Anayeshindwa anaweka kyu chini na kuondoka. Mshindi hubaki mezani, anasubiri anayefuata.



Nilitaka kuiweka kyu chini, vidole vikakataa kufunguka. Joto lile likapanda mpaka kwenye kiwiko. Mkono ulianza kujisogeza wenyewe kwenda mezani, na nyuma yangu, ambako hakukuwa na mtu, nikasikia chaki ikisuguliwa... polepole... kwenye ncha ya kyu nyingine.

Nilijua nitapiga tu. Kilichobaki changu ni nguvu ya pigo. Mimi ni mtu wa kulenga. Siku ile nikapiga kama mwendawazimu.

Mweusi ukaingia. Mpira mweupe, ule wa kupigia, nao ukaufuata shimoni.

Mweupe ukiingia pamoja na mweusi, mchezo umeharibika. Nimeshindwa.

Vidole vikafunguka. Kyu ikaanguka sakafuni. Bibi Cresensia hakupiga kelele. Aliinama, akaanza kuitoa mipira mashimoni na kuipanga upya, mmoja mmoja, mabega yakitikisika. Nilipokanyaga nje, giza lilinipiga usoni kama kitambaa cheusi. Nilikimbia mpaka taa za mji.

Kesho yake nilikwenda dukani. Mzee Twaha alikuwa anafuta kabati. Aliponiona nimesimama mbele yake, kitambaa kilimponyoka. Kuna mambo aliyotegemea, na kurudi kwangu hakukuwamo.

"Amezeeka?" aliuliza.

Nikamwambia amezeeka, na analia. Nikamuuliza kwa nini anawatuma watoto wa watu, haendi mwenyewe.

Aliinama kukiokota kile kitambaa.

"Naogopa kushinda," akasema.

Jumamosi nilicheza kwa kyu ya kuazima, tukapoteza mbuzi. Juma lililofuata duka la Mzee Twaha halikufunguliwa. Halijafunguliwa mpaka leo. Wapo wanaosema amehamia Babati. Lakini wanawake wanaochuma kahawa Tloma wanasimulia kwamba alfajiri moja walimkuta bibi asiyejulikana akishuka barabarani miguu mitupu, anacheka na kulia, akiulizia nyumba ya wazazi waliokwisha kuzikwa zamani.

Nilifurahi kwa ajili yake. Nililia kabisa.

Ila siku hizi, jioni zikiwa na ukungu, bodaboda huwa wanasimama mlangoni kwangu kunipa salamu. Wanasema kuna mzee kule juu anaulizia yule dada anayepiga kwa kulenga. Anasema amemwekea kyu yake.